Abiria wa Kiti cha Nyuma

Siku zile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili usihangaike kumtafuta mwingine, maana katika habari hii wapo watu kadhaa wenye makosa madogo madogo, na ukiwajumlisha wote hawanifikii.

Kazi yangu ni kutengeneza sauti za michezo ya redio. Si sauti za watu. Hizo wanazo waigizaji, na wanaringa nazo mpaka chooni. Mimi nashughulika na sauti za vitu. Ukisikia mtu anatembea juu ya vumbi la sayari nyekundu, ujue nimeketi kwenye kigoda naminya mfuko wa unga. Ukisikia vimondo vinagonga ubavu wa meli ya angani, hiyo ni ndoo ya kokoto na mkono wangu wa kulia. Kituoni wananiita Mzee Kelele. Nimeshafukuzwa kazi, nimeshaachwa na mke, nimeshaibiwa spika huku nimeiegemea, na yote hayo nimeyageuza vichekesho vya kusimulia watu wakinywa chai. Nilidhani mtu aliyepitia hayo hawezi tena kushikwa na woga wa kitoto. Nilijidanganya.

Mchezo uliotupa ugali wetu wa kila siku uliitwa Wasafiri wa Sayari ya Mwisho. Ulikuwa mchezo wa kisayansi wa kubuni, wa meli moja ya angani inayotafuta mahali pa kutua, na kwa miaka mingi haikupata, kwa sababu ingepata sote tungekosa kazi. Watu waliupenda. Lakini kitu walichokipenda kuliko hata Kapteni ni mlango wa meli. Ule mlango niliutengeneza mwenyewe, kwa mpira wa mlango wa friji bovu, pampu ya baiskeli, na kifuniko cha sufuria kubwa ninachokiburuta taratibu sakafuni. Fyuuup, krrrr, dum. Kuna watu waliufanya mlio wa simu zao. Siku moja nikiwa kwenye foleni ya benki simu ya mtu ililia mlango wangu, nikavimba kama puto, nikatamani kumwambia kila mtu pale kwamba yule ni mwanangu.

Mashabiki wa mchezo walikuwa na kundi lao kwenye simu, wakijiita Abiria. Nami niliingia humo kimyakimya, kwa jina la Kiti cha Nyuma. Hawakunijua. Nilikuwa naenda kusikiliza ninavyosifiwa, kama mtu anayehudhuria mazishi yake mwenyewe na kukuta yanapendeza.

Halafu wasikilizaji wakaanza kupungua, hasa vijana. Meneja wa kituo akasema mchezo umezeeka, ubadilishwe uendane na wakati. Kazi ya kuubadilisha akapewa mtayarishaji mpya, msichana mwenye kichwa chepesi na daftari zito, ambaye ni binti wa dada yangu, kitinda mimba wake. Nilimfundisha kazi mimi mwenyewe. Alipokuwa bado mwanafunzi alikuja studio kwetu nikamwambia jambo la kwanza ninalomwambia kila anayetaka kazi hii: kabla ya kurekodi chochote, tunanyamaza sote na kurekodi ukimya wa chumba. Huo ndio tunaoutumia kuziba mapengo tunapokata na kuunga. Na kila chumba kina ukimya wake. Wetu, kwa mfano, una kiyoyozi kikongwe kinachochechemea: tik, tik-tik, kinapumzika, tik, tik-tik. Kazi ya kukifuta kile kiyoyozi katika kila kipindi ni yangu. Nimekifuta mara nyingi mpaka sikio langu limeshaacha kukisikia.

Mpwa wangu alibadilisha jina la mchezo. Wasafiri wa Sayari ya Mwisho wakawa Mzunguko. Akabadilisha wimbo wa kufungulia. Akaleta kapteni mwanamke na meli mpya. Nami siku ya kurekodi sehemu ya kwanza nikafika na friji langu, pampu yangu na kifuniko changu, nikiwa nimekisugua kikang'aa kama cha bibi harusi.

"Mjomba," akaniambia kwa upole, "leo mlango hatutautumia."

"Watapitia dirishani?"

"Meli mpya ina mlango wake. Nimeshauweka." Akabonyeza kompyuta. Ikatoka sauti moja nyembamba: tii.

"Hiyo ni meli au ni saa ya mkononi?"

Akacheka. "Subiri kidogo, Mjomba. Nina mpango na mlango wako."

"Mpango gani?"

"Nikikuambia utausema. Mdomo wako hauna kizibo."

Tukacheka wote wawili. Lakini nilipokuwa nalisukuma friji kulirudisha stoo, lile neno "mpango" halikunitoka kichwani. Nimeshasikia waajiri wakiniambia wana mpango na mimi. Huwa wanaanza na mpango, wanamalizia na keki ya kuagana.

Sehemu ya kwanza ikarushwa. Nikafungua simu kuona Abiria wanasemaje.

Mama Pasi, mwenye duka la kufua na kupiga pasi, ndiye aliyeanza: "Jamani hiyo tii ni mlango wa meli au chakula changu kimeiva?"

Dereva wa Lori akaandika kwamba alisimamisha gari pembeni ya barabara akidhani redio yake imeungua. Mwalimu wa Fizikia, ambaye katika maisha yake hajawahi kufurahia kitu bila kukisahihisha, akasema: "Mzunguko lazima uwe na kitovu. Hapa kitovu kiko wapi? Mimi sikioni." Msichana mmoja akathubutu kusema yeye ameupenda, hasa kapteni mpya. Walimrukia kama kuku kwenye punje.

Wangeachwa hivyo, wangelalamika wiki moja au mbili halafu wangezoea. Watu huzoea. Lakini mimi nilikuwa nimebaki studio peke yangu mchana wa siku iliyofuata wakati wenzangu wamekwenda kula, na kidonda changu kilikuwa kibichi. Nikachukua simu. Nikarekodi ujumbe wa sauti. Kwa kuwa sauti yangu inajulikana na nusu ya mji, niliipitisha kwenye mtambo nikaishusha mpaka ikawa kama ya jitu lenye mafua, kisha nikasema:

"Abiria wenzangu, mimi nakaa kiti cha nyuma lakini naona mbele. Huyu mtayarishaji wao mpya ni mtoto tu. Na mtoto ukimkabidhi usukani, hajui kuendesha, atapiga honi. Pii pii! Sasa sikilizeni kitu walichokitupa."

Halafu nikawapigia mlango. Si ule wa redioni. Ule wa asili, niliourekodi zamani, mzima mzima, ambao haujapunguzwa. Niliupiga kwenye spika kubwa ya studio, simu nimeiweka mbele yake. Sauti yangu niliipaka matope, lakini mlango sikuugusa. Mzazi gani atampaka mwanawe matope siku ya kupigwa picha? Fyuuup, krrrr, dum. Nikatuma. Nikaenda kula, na chakula kilipita vizuri kabisa.

Niliporudi, kundi lilikuwa linawaka moto. Mama Pasi alikuwa amelia. Dereva wa Lori alikuwa ameurudia mlango mara nyingi mpaka utingo wake akashuka. Na ile "pii pii" yangu ilikuwa imepata miguu. Ilitoka kwenye kundi ikaenda kwenye ukurasa wa kituo. Kila tangazo la Mzunguko lililowekwa, chini yake watu waliandika pii pii, pii pii, kama barabara iliyofungwa. Kabla wiki haijaisha mpwa wangu alikuwa ameshapewa jina: Bi Honi. Walimwita hivyo watu wasiomjua. Kisha nikaingia kantini ya kituo nikasikia mhudumu wa simu anamwambia mwenzake, "Bi Honi ameshachukua chai yake?" na mpwa wangu alikuwa nyuma yao, amebeba kikombe. Alikunywa ile chai amesimama.

Hapo ndipo ningefungua mdomo, ule usio na kizibo. Cha ajabu, siku hiyo kizibo kilipatikana.

Jumapili nilikwenda kwa dada yangu kula, kama kawaida. Dada alikuwa ameshaonyeshwa kila kitu na majirani. Alikaa na simu mkononi, miwani imeshuka puani.

"Kaka, nani huyu Kiti cha Nyuma asiye na haya?"

"Watu wa mtandaoni hao," nikasema. "Wapuuze."

"Nimpuuze? Anamwita mwanangu mtoto. Mama yake alimlisha nini huyu?"

Kwa kuwa mama yake alikuwa ndiye mama yetu, nikaona niangalie sahani. "Huenda hakulishwa kabisa," nikasema. Dada akacheka kidogo, kicheko kikanichoma kuliko tusi.

Mpwa wangu alikuwa anaosha vyombo, ametupa mgongo. Akauliza bila kugeuka, "Mjomba, nawe unaona hivyo? Kwamba nimekabidhiwa usukani kabla ya wakati?"

"Hapana," nikasema. "Hata kidogo."

"Kwa sababu wewe ndiye unayejua kazi yangu. Wewe ukisema sijui, nitakubali."

"Unajua. Unajua sana."

"Basi," akasema, na nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ule mzigo niliupokea mimi. Nyama ile ile niliyoisifia dakika chache kabla iligoma kushuka. Nikaisindikiza kwa maji glasi mbili, ikabaki imekaa katikati kama mpangaji asiyetaka kuhama. Dada akaninong'oneza mlangoni nilipokuwa naondoka, "Asante kaka. Akiwa na wewe pale kazini mimi silali na wasiwasi." Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu. Nilitaka nichoke.

Wiki iliyofuata Meneja akatuita ofisini kwake, mpwa wangu na mimi. Ofisi ya Meneja ina meza pana, kioo kinachoangalia maegesho, na mmea wa chungu uliokufa siku nyingi ambao anaendelea kuumwagilia kwa sababu hapendi kukubali hasara. Alikuwa ameweka simu yake katikati ya meza.

"Nataka msikie wananchi wanasemaje," akasema. Akabonyeza.

Jitu lenye mafua likajaa chumbani. Mtoto ukimkabidhi usukani. Pii pii. Nilijishughulisha na kifungo cha shati langu, nikakifungua, nikakifunga. Kisha mlango ukalia, fyuuup, krrrr, dum, na kwa mara ya kwanza tangu niutengeneze niliuchukia.

Mpwa wangu alikuwa ametulia. Mlango ulipoisha akainamisha kichwa upande mmoja. Kale kainamo nakajua. Nilimfundisha mimi, ndivyo tunavyosikiliza.

"Naomba urudie, bosi," akasema.

"Raha gani hiyo ya kutukanwa mara mbili?"

"Naomba tu."

Akatoa vipokea sauti vya masikioni kwenye mkoba, akavichomeka kwenye simu ya Meneja, akafumba macho. Mimi na Meneja hatukusikia kitu. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa mezani, na nikauona unaanza kugonga kwa kidole kimoja, polepole. Tik. Tik-tik. Kinapumzika. Tik. Tik-tik.

Nilisikia damu yangu inahama kutoka usoni kwenda sijui wapi. Nilijificha vizuri, nikaishusha sauti, nikabadilisha jina, nikasahau chumba. Kile kiyoyozi nilichokifuta miaka yote hiyo ndicho kilichokuwa kimejikalia nyuma ya mlango wangu, wazi kabisa, kikichechemea.

Akafumbua macho. Hakuniangalia usoni. Aliangalia mikono yangu, iliyokuwa kwenye kifungo.

"Umesikia nini?" Meneja akauliza.

"Nimesikia kilichopo," akajibu. Akavikunja vipokea sauti vyake taratibu. "Bosi, niruhusu nieleze jambo moja. Katika sehemu ya tatu, kapteni mpya na watu wake wanaikuta meli ya zamani inaelea, taa zote zimezima. Wanaifuata. Wanafika kwenye mlango. Na mlango unafunguka." Akavirudisha mkobani. "Mlango wa Mjomba. Nilikuwa nauficha kwa ajili ya pale. Nilitaka watu wausikie wakati wameshaukosa, wajue wamefika nyumbani. Nilikuwa nimeandika na shukrani mwishoni, kwa aliyeutengeneza."

"Ungetuambia mapema," Meneja akasema.

"Nilitaka hata yeye ashtuke."

Mimi nilitaka sakafu ipasuke, lakini ni sakafu ya saruji, imejengwa vizuri.

"Sasa umeshaharibika," Meneja akasema. "Kila mtu anao kwenye simu. Ukilia wiki hii watasema tumewaogopa. Sikiliza binti. Sehemu ya tatu ndiyo ya mwisho kwangu kusubiri. Wakiendelea kupiga honi, narudisha jina la zamani na kutafuta mtu mzima wa kuuongoza."

Tukatoka. Kwenye korido nikamwita. "Mpwa wangu."

"Nina kazi," akasema, akaendelea kutembea.

Nikasimama pale nikijiuliza mwanamume mwenye akili angefanya nini. Kwa kuwa hakuwepo jirani, nikajiuliza mwenyewe, nikajibu mwenyewe: nenda ukakiri. Nikarudi ofisini kwa Meneja, nikafunga mlango, nikamwambia yote. Kwamba jitu ni mimi. Kwamba hakuna wananchi wowote waliolianzisha jambo hili, ni kinyongo cha mzee mmoja na friji lake. Adhabu yoyote anipe mimi, binti amwache afanye kazi.

Meneja alinisikiliza, kisha uso wake ukachanua. "Kumbe!" akasema. "Kumbe hata ninyi wa ndani hamuuamini huo Mzunguko wake! Hata mjomba mtu!"

"Sivyo nilivyosema, bosi."

"Ndivyo ulivyofanya. Mimi nilikuwa na shaka moyoni, nikajiona mkorofi. Kumbe mtaalamu wangu mkongwe ana shaka hiyo hiyo." Akaniinukia, akanipa mkono. Nikaupokea, Mungu anisamehe, maana mkono ukinyooshwa mbele yako unaupokea kabla hujafikiri. "Tulia," akaniambia. "Ikifika kutafuta mtu mzima, hatutakwenda mbali."

Nilikwenda kuzima moto na ndoo ya mafuta ya taa.

Siku ya kurekodi sehemu ya tatu nilifika mapema nikapanga vifaa vyangu vyote, kama mtoto aliyevunja glasi anavyofagia nyumba nzima. Waigizaji wakaingia. Mpwa wangu akaingia mwisho, macho mekundu, kalamu sikioni. Kurasa za mwisho alikuwa amezikatakata kwa wino.

"Mzee Kelele," akasema.

Hajawahi kuniita hivyo. Watu wote pale huniita hivyo, nami huitika. Siku ile nilichelewa kuitika, nikidhani anamwita mtu mwingine.

"Nipo."

"Tukifika mlangoni, naomba usifanye chochote."

"Nisifanye chochote vipi?"

"Ukae. Mikono mapajani. Kiyoyozi usikizime, na kwenye kusafisha sauti usikifute. Kiache kilivyo."

Tukarekodi. Kapteni mpya na watu wake wakaifikia meli ya zamani. Nikaminya unga wangu, hatua zao zikakaribia. Wakasimama. Kapteni akasema, kwa sauti ndogo, "Fungua."

Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda, friji liko karibu na mkono, kifuniko kiko miguuni. Nikaweka mikono mapajani.

"Fungua," akasema tena. "Ni sisi."

Kimya. Tik, tik-tik. Kinapumzika. Tik, tik-tik. Ndani ya kile kimya kiyoyozi chetu kikongwe hakikuwa kiyoyozi tena. Kilikuwa kitu fulani ndani ya meli ile iliyokufa, ambacho bado kinajaribu. Mwigizaji wa Kapteni alisahau kwamba anasoma karatasi. Alipiga hatua kuelekea kwenye kipaza sauti kama vile kuna kitu ng'ambo ya pili. Mpwa wangu aliinua mkono, akaushikilia juu, juu, mpaka nikahisi nitapiga kelele mwenyewe, kisha akaushusha. Mwisho wa sehemu ya tatu. Hakuna shukrani iliyosomwa kwa mtu yeyote.

Ilirushwa Ijumaa jioni. Niliisikiliza nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nyumba ninayoishi, simu gotini, kundi limefunguliwa. Mlango ulipokataa kufunguka, Abiria wote walinyamaza. Nilidhani mtandao umekatika. Kisha ukaja ujumbe mmoja kutoka kwa Mama Pasi:

"Nimeunguza shati la mteja."

Dereva wa Lori: "Nimezima injini nisikie vizuri. Jamani ndani mle kuna mtu?"

"Kuna mtu," akajibu yule msichana waliyemrukia kama kuku. "Anapumua. Sikilizeni vizuri."

Mwalimu wa Fizikia: "Miaka yote nimesubiri mtu atambue kwamba angani hakuna kelele. Leo ametambua. Sitasahihisha kitu."

Mtu mmoja akaandika pii pii. Mama Pasi akamjibu kabla herufi hazijapoa: "Nyamaza wewe, tunasikiliza."

Mmoja akauliza, "Kiti cha Nyuma uko wapi? Unasemaje?" Nikaandika jina langu la kweli na kwamba ndimi niliyeanzisha honi, kwamba nilikosea, na kwamba mtoto nilikuwa mimi. Wakanijibu kwa vicheko na makofi, wakasema Mzee Kelele bwana, hata akiomba radhi anachekesha. Wakaendelea kubishana nani yumo ndani ya meli. Hawakuwa na haja nami. Nikajiondoa kwenye kundi.

Jumatatu Meneja alimwita mpwa wangu akamwambia alijua tangu mwanzo kwamba anaweza. Mzunguko ukaendelea na jina lake na mtayarishaji wake. Mlango wangu haujalia tena redioni, wala sidhani utalia. Watu wanausubiri usifunguke. Friji nimelisukuma mpaka mwisho wa stoo. Na kazini mpwa wangu ananisalimia vizuri, ananiomba unga, kokoto, mvua, na kila mara ni Mzee Kelele, tafadhali. Mzee Kelele, asante.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa dada nimejitayarisha. Tulikula. Baada ya kula dada akaleta kapu la nguo zilizokauka, na mpwa wangu akaanza kuzikunja. Mimi nikakaa kwenye kiti changu. Hakuna aliyetania. Dada akatuangalia, huyu, kisha huyu.

"Ninyi wawili mna nini? Mmekaa kama watu wanaosubiri kung'olewa meno."

"Muulize yeye," mpwa wangu akasema.

Nikaona nimalize. "Dada, yule Kiti cha Nyuma ni mimi."

Dada akacheka mpaka akashika ubavu. "Huyu! Hebu acha." Akamwangalia binti yake ili wacheke wote. Binti alikuwa anakunja shuka. Kicheko cha dada kikapungua, kikapungua, kikaisha.

"Wewe ulijua?"

"Tangu siku ile kwa Meneja."

"Na umekaa naye mezani kwangu?"

"Ni kaka yako, Mama."

Dada akanigeukia, na sijawahi kuangaliwa hivyo naye tangu tukiwa watoto. Nikaharakisha. "Nimeomba radhi kwa watu wote. Nilikwenda mpaka kwa Meneja. Naomba tena hapa, mbele yako. Lakini jamani, tuseme na ukweli. Si yameisha vizuri? Ule mlango ungefunguka, watu wangepiga makofi, wangesahau. Kile kimya kilichowaliza hakingekuwepo kama mimi nisingeharibu. Kwa namna fulani nilisaidia."

Mpwa wangu akachukua shati, akalikung'uta.

Dada yangu ana ugonjwa mmoja, anapenda watu wapatane kabla vyombo havijaoshwa. Akashusha pumzi ndefu. "Na kweli mjomba wako ndivyo alivyo, mwanangu," akasema. "Toka utotoni. Alimtania hata mwalimu mkuu, tukafukuzwa wote wawili. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anatania tu. Msamehe, yaishe."

"Eeh," nikadakia, "nilikuwa natania. Unanijua. Mimi ni mtu wa utani."

Mpwa wangu akalaza lile shati juu ya mengine, akalinyoosha kola kwa kiganja.

"Mama," akasema, "mtu anayetania hukaa pale aone kama umecheka. Huyu alibadilisha sauti."